Kinachokula Betri Usiku: Mwongozo wa Kusaka Uvujaji wa Stima Kwenye Gari la Zamani

Karibu kila mtaa wa Nairobi una gari moja ambalo majirani wanaijua sauti yake ya asubuhi: tak, tak, tak, kisha kimya. Mlango unafunguliwa, mwenyewe anatoka akitazama huku na huku kutafuta watu wa kusukuma. Kwa mwaka mzima gari hilo mtaani kwetu lilikuwa langu, Toyota 110 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Ndani ya mwaka huo nilinunua betri mbili kabla ya mtu yeyote, mimi nikiwemo, kushika mita na kupima.

Aliyenifungua macho ni fundi wa waya, mzee wa makamo, pale Kirinyaga Road ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan. Nilikwenda kutafuta betri ya tatu. Akaniuliza, "Kijana, hii uliinunua lini?" Nikamwambia, "Miezi minne, mzee." Akatikisa kichwa. "Basi haijafa. Inaliwa."

Naandika kwa sababu ya neno hilo moja. Watu bado wanauziwa betri mpya bila kupimiwa chochote, na betri mpya ikifungwa kwenye gari linalovuja inafanya kazi vizuri wiki chache, mwenye gari anaamini tatizo limekwisha, kisha wimbo wa asubuhi unaanza upya. Kazi ya kumpata mlaji unaweza kuifanya mwenyewe kwa jioni moja ukiwa na mita ya bei nafuu na subira. Subira ndiyo inayowashinda wengi.

Gari lililozimwa linakula kiasi gani?

Gari likizimwa halizimiki lote. Saa ya dashibodi inatembea, redio inahifadhi stesheni zake, kompyuta ya injini inashikilia kumbukumbu, alamu inasikiliza rimoti. Vyote hivi vinakula kidogo sana. Kwa magari mengi matumizi ya kawaida wakati wa kulala ni miliampea 20 hadi 50, yaani ampea 0.02 hadi 0.05. Gari la miaka ya tisini lisilo na kompyuta nyingi linapaswa kuwa upande wa chini wa kiwango hicho.

Hesabu yake ni rahisi, na ukiielewa utajua ukubwa wa tatizo lako kabla hujagusa kitu. Zidisha ampea kwa saa. Gari linalokula ampea 0.03 kwa saa 24 linatumia ampea-saa 0.72 kwa siku. Betri ya NS60 ina ampea-saa 45, kwa hiyo hata ukiliacha gari wiki mbili litakuwa limekula kama ampea-saa 10 tu, na litawaka. Likila ampea 0.3, kwa siku ni ampea-saa 7.2, na baada ya siku sita hakuna kilichobaki. Taa mbili za breki zilizokwama zikiwaka, kila moja wati 21, zinavuta ampea 3.5 kwa pamoja, na betri hiyo hiyo inaisha kwa saa kumi na mbili au kumi na tatu. Hata taa ndogo ya buti ya wati 5 inavuta kama ampea 0.4. Watu huidharau, lakini ikiwaka siku nne au tano mfululizo betri nzima imekwisha.

Kwa hiyo jiulize kwanza: betri yangu inalala, yaani inaishiwa stima, baada ya muda gani? Ikilala usiku mmoja, unatafuta kitu kikubwa, kama taa, mota au rilei (swichi inayoendeshwa na stima) iliyoshikana. Ikilala baada ya siku tatu au wiki, unatafuta kitu kidogo kisichopumzika.

Kuna jambo la kwetu linalochanganya hesabu hii. Gari linalokwenda mjini asubuhi kwa kutambaa kwenye jam ya Jogoo Road, taa zikiwaka, waipa zikifanya kazi, feni ikipuliza na injini ikizunguka polepole, linarudishia betri kidogo sana. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haitoi nguvu yake yote injini ikizunguka polepole hivyo. Gari langu lilikuwa likivuja ampea 0.3, ambazo kwa betri iliyojaa zisingetosha kulizuia kuwaka baada ya Jumapili moja ya kulala. Lakini betri yangu haikuwa ikijaa kamwe. Kila Ijumaa ilifika nyumbani na nusu tumbo, na kufikia Jumatatu ilikuwa mifupa.

Usianze kusaka kabla hujajua kwamba kuna mlaji

Betri ikilala kuna washukiwa watatu: betri yenyewe imechoka, alteneta haichaji, au kuna kitu kinavuta stima gari likiwa limezimwa. Dalili ya asubuhi ni ile ile kwa wote watatu. Wachunguze kwa mpangilio huu.

Anza na volti za betri iliyopumzika. Gari likae limezimwa saa kadhaa. Kama umetoka barabarani sasa hivi na huna muda, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha namba nzuri kuliko hali yake halisi. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 au chini, iko karibu tupu.

Kisha washa injini upime tena pale pale kwenye vichwa vya betri. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni; namba itashuka kidogo lakini ibaki juu ya 13. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na huna haja ya kusaka mlaji kabla hujairekebisha. Angalia mkanda wake kwanza. Uliolegea hupiga kelele asubuhi na kuteleza wakati wa mvua.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji ujuzi wowote. Chajisha betri ijae, ipime jioni, andika namba, kisha fungua waya wa hasi uuache pembeni usiku kucha. Asubuhi pima tena. Kama betri iliyofunguliwa imebaki salama kwenye namba yake, ukairudishia waya na gari likawaka bila shida, ilhali ikiachwa na waya wake inakufa, basi betri haina kosa. Kuna kitu kinaila. Lakini kama imeshuka sana ikiwa peke yake, ugonjwa umo ndani yake, na mwongozo huu hautaisaidia. Vivyo hivyo kama inaonyesha 12.6 lakini inaanguka chini ya 9.6 unapozungusha stata: imechoka hata kama inaonekana imeshiba.

Kabla hujaondoka hapo, tazama juu ya betri. Vumbi la Nairobi likichanganyika na unyevu na mvuke wa asidi linakuwa njia ya stima kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Weka kidole kimoja cha mita kwenye kichwa cha hasi, cha pili kiburuze juu ya plastiki ya betri. Ukiona volti zikisoma, uchafu huo unapitisha. Funga vifuniko vya seli vizuri, chukua magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, koroga kijiko kwenye kikombe cha maji, paka kwa mswaki mzee, acha yachemke mapovu, suuza na ukaushe. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa unatoka kwa dawa hiyo hiyo.

Vifaa, na mambo mawili ya usalama

Utahitaji mita ya kupimia umeme. Zile ndogo za njano zinazouzwa Luthuli Avenue zinatosha kabisa. Ongeza spana namba 10, taa ya majaribio (balbu ya gari ya wati 21 iliyounganishwa na vipande viwili vya waya), gundi ya karatasi (masking tape), kalamu, na koleo ndogo ya plastiki ya kung'olea fyuzi, ambayo mara nyingi imo ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi la gari lako lenyewe. Fanya kazi jioni giza likiingia, maana mwanga mdogo unaovuja buti au chini ya kiti hauonekani mchana. Kama unaishi kwenye kompaundi, mwambie askari wa geti unachofanya. Mtu anayeinama kwenye gari gizani akiwa na tochi mdomoni huleta maswali.

La kwanza la usalama: vua pete na saa ya chuma. Betri inaweza kusukuma mamia ya ampea, na spana ikigusa kichwa cha chanya na bodi ya gari kwa pamoja inawaka nyekundu mkononi mwako. Ndiyo sababu waya wa hasi unafunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, siku zote. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti hapo.

La pili linahusu mita. Kwenye zile za bei nafuu tundu la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi ndani, na maandishi pembeni yake yanakuonya usipitishe mkondo mkubwa kwa zaidi ya sekunde chache. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa imeunganishwa. Usiwashe taa kubwa. Usiguse honi. Na usisahau kurudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti ukimaliza: ukiuacha kwenye tundu la ampea kisha ukapima volti za betri, umeunganisha vichwa viwili moja kwa moja, na mita itaungua.

Kama gari lako ni la aina inayodai namba ya siri ya redio baada ya betri kufunguliwa, hakikisha unayo kabla hujaanza.

Kupima uvujaji wenyewe

Zima kila kitu. Toa ufunguo na uuweke mbali na gari. Fungua boneti, kisha fungua mlango wa dereva kwa sababu boksi la fyuzi la ndani liko chini ya dashibodi na utalihitaji baadaye. Mlango uliofunguliwa unawasha taa ya ndani, na taa hiyo itakuharibia hesabu, kwa hiyo lidanganye gari. Kwenye 110 na wenzake wa umri ule, swichi ya mlango ni kijiti kidogo chenye mpira kwenye nguzo ya mlango. Kibonyeze ndani na ukikandamize kwa gundi ya karatasi. Kwenye magari ambayo swichi imo ndani ya kufuli, sukuma ulimi wa kufuli kwa bisibisi hadi ujifunge kama vile mlango umefungwa. Ukimaliza kazi, vuta kishikio kuuachilia kabla hujabamiza mlango, usije ukavunja kufuli. Milango mingine na buti zifungwe. Kama una alamu, ifunge kwa rimoti kama ufanyavyo ukiliacha gari usiku, maana tunataka kupima gari likiwa katika hali ya kulala kwake halisi.

Fungua waya wa hasi. Kabla ya mita, weka ile taa ya majaribio katikati: mguu mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye klempu ya waya uliotoa. Isipowaka, au ikionyesha wekundu hafifu wa sekunde moja kisha ikazimika, uvujaji si mkubwa na mita yako iko salama. Ikiwaka wazi na kubaki ikiwaka, kuna kitu kinavuta ampea nzima au zaidi. Usiweke mita. Acha taa ikiwaka uitumie kama mwongozo: ng'oa fyuzi moja moja hadi izimike.

Ikiwa taa imekaa kimya, sasa weka mita. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la ampea 10, kitufe kwenye ampea 10 za betri, yaani DC. Mguu mmoja kwenye klempu ya waya, mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, na stima yote ya gari itapita ndani ya mita. Isipoonyesha hasara yoyote ya ajabu mara moja, usishangilie, na ikionyesha namba kubwa, usiogope. Ulipofungua waya na kuurudisha kupitia mita uliziamsha kompyuta zote, na zinahitaji muda kulala tena. Gari la miaka ya tisini hutulia kwa dakika chache. Gari la karibuni lenye kompyuta nyingi linaweza kuchukua dakika 20, 40, hata saa nzima. Nenda ukanywe chai. Nimeona mafundi wakisoma namba baada ya nusu dakika na kutangaza kwamba kompyuta ya gari imeharibika, kumbe ilikuwa bado haijafumba macho.

Baada ya kutulia, soma. Mita ndogo kwenye ampea 10 haionyeshi chini ya 0.01, na hilo linatutosha. 0.02 au 0.03: gari lako ni zima, rudi ukaangalie betri na alteneta. 0.05: mpaka wa kukubalika. 0.10 na kuendelea: yuko mlaji. Yangu ilisema 0.31, na haikutikisika.

Kung'oa fyuzi moja moja

Hapa ndipo watu huharakisha na kuharibu. Piga picha ya boksi zote mbili za fyuzi kwa simu, la ndani na la chini ya boneti, ili kila fyuzi irudi nyumbani kwake. Halafu ng'oa moja, tazama mita, subiri sekunde tano, rudisha, andika. Kisha inayofuata. Usizing'oe tano kwa pamoja. Usitoke kwenye moja kwenda nyingine bila kurudisha, maana zikiwa nje nyingi hutajua ni ipi iliyobadilisha namba.

Unatafuta fyuzi ambayo ikitoka namba inaanguka hadi kwenye 0.02 au 0.03. Kwenye gari langu fyuzi kumi na moja za kwanza hazikubadilisha kitu. Ya kumi na mbili iliandikwa DOME, na namba ikaporomoka kutoka 0.31 hadi 0.02. Kwenye Toyota fyuzi hiyo hulisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio, na kwa kuwa ina moto, yaani stima, wakati wote, ndiyo wafungaji wa vifaa vya ziada hupenda kuichokonoa.

Kama gari lako ni la karibuni na kila fyuzi unayoirudisha inaamsha kompyuta na kukurudisha mwanzo, kuna njia nyingine isiyong'oa kitu. Rudisha waya wa hasi wa betri, acha gari lilale, weka mita kwenye milivolti, kisha gusa vile vidoti viwili vya chuma vilivyo juu ya mgongo wa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha stima inasoma sifuri kamili. Inayopitisha inaonyesha kitu, hata kama ni kidogo: ampea 0.3 kwenye fyuzi ya ampea 10 inatoa karibu milivolti 2. Ukipata fyuzi inayosoma, umepata njia.

Ikiwa umezing'oa zote na namba imekataa kushuka

Basi mlaji hapiti kwenye fyuzi za kawaida, na mshukiwa wangu wa kwanza ni alteneta. Ndani yake kuna daiodi zinazoruhusu stima itoke kwenda kwenye betri na kuizuia isirudi. Moja ikiungua, betri inajimwaga ndani ya alteneta usiku kucha. Kuna dalili ya kuipata kwa mkono: asubuhi na mapema, kabla hujawasha chochote, gusa alteneta. Nairobi ya mwezi wa Julai chuma chochote kilicholala nje kinauma vidole kwa baridi. Alteneta yenye uvuguvugu saa kumi na mbili asubuhi imekuwa ikila.

Kuthibitisha, fungua hasi ya betri, kisha fungua nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, ufunge waya huo kwa gundi ya umeme usiguse bodi, rudisha mita upime. Namba ikianguka, umempata. Usiwashe injini waya huo ukiwa nje. Fundi mzuri atabadilisha daiodi peke yake na kukurudishia alteneta yako. Usikubali kirahisi kuuziwa alteneta nzima ya mtumba ambayo nayo hujui historia yake. Unaweza pia kupima injini ikiwa inazunguka: weka mita kwenye volti za AC, gusa vichwa vya betri. Ikizidi 0.5, daiodi zina kasoro.

Mshukiwa wa pili ni waya ambao mtu ameutoa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri bila kupitia boksi lolote. Hesabu nyaya zinazotoka kwenye chanya. Ule mwembamba wenye rangi tofauti na wenzake, uliofungwa kwa gundi nyeusi iliyoyeyuka, ufuate hadi mwisho wake.

Kumtoa mlaji kwenye njia yake

Fyuzi inakuonyesha barabara, bado hujajua nyumba. Fyuzi moja inaweza kulisha vitu vitano. Irudishe, mita ikiwa bado imeunganishwa, na uchomoe kitu kimoja kimoja kilicho kwenye barabara hiyo huku mtu wa pili akikusomea namba.

Anza na kila kitu ambacho hakikuja na gari kutoka kiwandani. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu magari yetu yamepita mikononi mwa watu wengi: mmoja aliweka alamu, wa pili akaweka redio kubwa na amplifaya, wa tatu taa za mbele za ziada, na kila mmoja alimlipa fundi aliyekuwa na haraka. Gari lililotoka Japani linaweza kuwa bado na kile kisanduku cha kulipia barabara za kwao chini ya dashibodi, ambacho hapa hakina kazi yoyote. Kile kifaa kinachopanua redio ya Kijapani ili ishike stesheni zetu, kikiunganishwa kwenye moto wa kudumu badala ya ule wa ufunguo, kinakula mchana na usiku. Kamera ya dashibodi vivyo hivyo, na chaja ya simu iliyosahauliwa kwenye tundu la sigara, maana kuna magari ambayo tundu hilo halizimiki na ufunguo.

Wangu alikuwa traka, kifaa cha kufuatilia gari liliko. Mwenye gari wa kwanza aliiweka, akaliuza gari, akaacha kuilipia, na hakuna aliyeniambia ipo. Ilikuwa imefungwa kwa gundi juu ya mabomba ya hita, nyuma ya redio, laini yake ikitafuta mtandao usiomjibu na betri yake ndogo ya ndani ikiwa imevimba. Nilipoichomoa mita ikasoma 0.02. Kama gari lako bado lina mkopo au bima inadai traka, usikate waya wake kimyakimya. Wapigie walioiweka, waambie inavuta kiasi gani, waje waibadilishe.

Baada ya vya kuongezwa, nenda kwa taa zilizojificha. Ya buti ipime kwa simu: washa video, weka simu ndani ikitazama juu, funga buti, hesabu hadi kumi, fungua utazame. Ya kisanduku cha dashibodi ipime vivyo hivyo, au gusa balbu yake gari likiwa limelala saa mbili. Ikiwa na joto, inawaka. Taa za breki zina ugonjwa wa uzee: kwenye mkono wa pedali kuna kidude kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi, nacho kikikauka na kupasuka, swichi inabaki bila kubonyezwa na taa zinawaka mfululizo. Ukikuta vipande vya plastiki iliyovunjika kwenye kapeti chini ya pedali, hicho ndicho. Sehemu yake ni ya bei ndogo sana.

Rilei pia hushikana. Ile ya feni au ya kompresa ya kiyoyozi, ncha zake zikiungana kwa joto, inaendelea kupitisha ufunguo ukiwa mfukoni. Iguse, ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo ya kuchunguza. Ibadilishe na nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi hilo hilo uone kama namba inashuka. Na kwa wale wenye antena ya umeme, sikiliza nyuma ya gari baada ya kuzima: mota yake ikilia bila kumaliza, meno ya ndani yameisha na haijui kwamba imefika.

Uvujaji unaokuja na mvua za masika na kupotea kiangazi kikirudi huwa ni maji. Tazama ndani ya boksi la fyuzi na soketi za taa za nyuma kama kuna kutu ya kijani, na ziba mpira uliopasuka unaoyaingiza.

Ukishampata

Tengeneza vizuri mara moja. Kifaa unachokihitaji kiunganishwe kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa, kiwe na fyuzi yake chenyewe karibu na chanzo, na kiungo kilehemiwe kisha kivishwe mpira wa kubana kwa joto. Nyaya zilizosokotwa tu na kuviringwa gundi ndizo zilizotufikisha hapa. Usizibe nafasi ya fyuzi kwa waya au karatasi ya sigara kwa sababu yoyote ile. Fyuzi inayokatika inakulinda na moto. Swichi ya kukatia betri, wanayofunga wengi kichwani mwa hasi, inasaidia kwa wiki moja ukisubiri pesa ya fundi, lakini mlaji bado yuko ndani, na kama ni waya uliochubuka, hatari yake haijapungua.

Kisha pima upya kuanzia mwanzo, gari likiwa limelala kabisa. Wakati mwingine wako wawili.

Betri iliyolala mara nyingi usiitegemee alteneta kuijaza. Ipeleke kwa wanaochajisha ikae usiku mzima kwa mkondo mdogo, ipumzike, ipimwe. Betri ya risasi ikiachwa tupu muda mrefu inaota fuwele kwenye sahani zake na kupoteza ujazo usiorudi, kwa hiyo huenda yako ikawa imeumia kweli. Ya kwangu ya pili ilipona na ikanitumikia miaka mitatu zaidi. Ya kwanza nilikuwa nimeshaiuza kama chuma chakavu.

Andika namba ya mwisho na tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ukibandike chini ya boneti. Siku mtu mwingine atakapofunga redio, alamu au taa kwenye gari hilo, pima tena usiku huo huo ulinganishe, akiwa bado anakumbuka ni waya upi aliogusa. Cha kwangu kimeandikwa 0.02.